Doti Mbili za Khanga

Mwezi Januari mwaka 2020 nilipata kazi ya ukalimani ambayo niliiona nyepesi kuliko zote nilizokwisha kufanya. Mama mmoja kutoka Ujerumani, mwalimu mstaafu, alikuwa amealikwa na wazazi wa kijana aliyepanga chumba nyumbani kwake alipokuwa masomoni, na wazazi hao waliishi katika kijiji kimoja upande wa Mvumi, wilayani Chamwino. Nilitakiwa kumpokea Dodoma mjini, kumpeleka, kumtafsiria na kumrudisha.

Jioni aliyofika alifungua sanduku lake barazani kwenye nyumba ya wageni ili nimshauri kuhusu zawadi alizobeba. Vitu vyote vilikuwa shaghalabaghala, kwa sababu mifuko ya plastiki aliyovifungia kwao ilibaki uwanja wa ndege. Marufuku iliyoanza tarehe 1 Juni 2019 ilikuwa bado inawashangaza wageni. Kulikuwa na pipi, kalamu, fulana, vigari vya betri vya watoto, na miwani sita ya kusomea, ile ya bei nafuu inayouzwa madukani kwao bila kupimwa macho.

Nilivikagua kama afisa forodha. Kalamu nilisema apewe mwalimu mkuu wa shule ya kijiji, wala zisigawiwe njiani. Pipi nilizikataa, kwa kuwa nimeona barabara za watalii ambako watoto wamekwisha jifunza kukimbilia kila gari lenye mzungu. Fulana zilinichekesha, maana Soko la Majengo lina mitumba ya kuvisha mkoa mzima, na vigari vingedumu hadi betri ziishe. Nilipofika kwenye miwani nilimwambia kwa uhakika mkubwa kwamba macho ni jambo la hospitali, na kwamba bibi wa kijijini hana haja ya miwani ya kusomea. Aliitikia kwa adabu, akairudisha kwenye mkoba wake wa mkononi.

Kesho yake asubuhi tukaenda Majengo. Januari kwetu ni mwezi wa palizi. Mvua zimekwisha anza, shamba ni kijani kibichi, lakini ghala limebaki na vumbi, na mavuno ni mpaka Mei au Juni. Mgeni anayeingia nyumba ya Kigogo kipindi hicho na kuandaliwa kuku anapaswa kujua anakula nini. Kwa hiyo tulinunua unga, mchele, sukari, chumvi, majani ya chai, mafuta ya kupikia na sabuni za mche. Mwenyeji wetu alikuwa na wake wawili, nami nililizingatia hilo kuliko jambo lolote: nilinunua ndoo mbili za lita 20 zenye mifuniko, rangi moja, nikapanga ndani yake vitu vilivyolingana hadi idadi ya viberiti. Ndoo yenyewe ilikuwa zawadi, kwani mahali ambapo maji huchotwa mbali haikosi kazi. Sukari ilikuwa kwenye mifuko ya karatasi, na mchele tuliutia kwenye ile mifuko mbadala iliyochukua nafasi ya plastiki.

Mwisho nikakumbuka khanga. Jua lilikuwa limepanda, dereva alikuwa akipiga honi, nami nikachukua doti mbili zilizokuwa juu ya rundo, moja nyekundu na nyingine ya buluu, nikalipa.

Njiani nilimfundisha mgeni wangu aseme "mbukwenyi", salamu ya Kigogo, akifika, atoe zawadi ndani ya nyumba na si uani mbele ya majirani, azitoe kwa mikono miwili, na asisikitike zisipofunguliwa, kwa sababu katika malezi yangu zawadi hufunguliwa mgeni akishaondoka. Alinisikiliza kama mwanafunzi.

Mambo yalikwenda vizuri. Tulikula ugali wa uwele kwa mlenda, na kuku kama nilivyotabiri. Kisha mama mkubwa akapokea ndoo yake na khanga nyekundu, mama mdogo akapokea ndoo yake na khanga ya buluu, wote wakashukuru kwa kupiga goti kidogo na kuziweka kando. Hapo ndipo mgeni wangu, bila kuniuliza, alipofungua mkoba wake na kumpelekea miwani mama mzazi wa mwenyeji wetu, bibi mwenye mvi tele aliyekuwa kwenye kigoda akichambua uwele kwenye ungo kwa kupapasa.

Bibi alijaribu ya kwanza, akatikisa kichwa. Ya pili hivyohivyo. Ya tatu, iliyoandikwa +3.00, ilimnyamazisha. Alikitazama kiganja chake, akakigeuza, akainamia ungo na kuchomoa kijiwe kisichozidi punje ya mtama, akakiinua watu wote wakione. Niliona aibu yangu ikianza, kwa sababu hata mimi, niliyepita miaka 40, nilikuwa nimeanza kuisogeza simu mbali ili nisome ujumbe, na bado sikuwa nimeunganisha mambo hayo mawili.

"Mimi ni mtu wa kisomo," alisema Bibi, akimaanisha madarasa ya watu wazima yaliyoenea baada ya Serikali kuutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Akatafuta maandishi ya kusoma. Yaliyokuwa karibu yalikuwa ya khanga nyekundu. Akaivuta, akaikunjua magotini, akafuata herufi kwa kidole.

"Ha-si-di... ha-na... sa-ba-bu."

Khanga ya jina kama hilo ukipewa ni kama umeambiwa, na ukiivaa ni kama unaambia. Vyovyote vile, katika nyumba ya wake wawili imekwisha sema. Mama mkubwa aliinamisha macho. Mama mdogo aliondoa sahani ambazo hazikuwa na haraka ya kuondolewa. Bibi akaomba ya buluu, akasoma kwa sauti ileile: "Mungu ni mwema." Mimi ndiye niliyekuwa nimezuia pipi, na mimi ndiye niliyeshindwa kusoma maneno matatu kwenye pindo. Laiti ningenunua vitenge, ambavyo havisemi na mtu!

Mgeni akaniuliza kimeandikwa nini. Nikamjibu kuwa ni methali.

Bibi alichukua kisu cha jikoni, akatenganisha vipande vya kila doti, kisha akampa mama mkubwa kipande kimoja chekundu na kimoja cha buluu, na mama mdogo vivyo hivyo. "Hasidi mgawane," alisema, "na Mungu mgawane." Mama mdogo ndiye aliyeanza kucheka, akiwa bado mlangoni na sahani zake, na mama mkubwa akamfuata.

Tulirudi na kilo kadhaa za karanga na kapu la ubuyu, kwani hatukuruhusiwa kuondoka mikono mitupu. Garini nilimweleza mgeni wangu maana yote, na alicheka mpaka dereva akapunguza mwendo.

Mwaka uliofuata nilipita tena kijijini hapo kwa shughuli nyingine, nikiwa na sukari na doti moja kwa ajili ya Bibi. Mkono mmoja wa miwani yake ulikuwa umefungwa kwa uzi. Hakunipa hata nafasi ya kumwamkia vizuri.

"Lete kwanza nisome, mjukuu wangu," alisema, akinyoosha mikono yote miwili.