Siku moja maishani mwangu: nachora mti wa virusi, Bukavu

Shangazi yangu anauza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, Kadutu, mtaa wa hapa Bukavu. Akiulizwa kazi yangu hujibu, "Yule anashinda kwenye kompyuta, anachora miti." Simlaumu, maana hata baadhi ya madaktari ninaofanya nao kazi wanadhani hivyo. Miti yenyewe ni ya ukoo wa virusi: inaonyesha virusi vya mgonjwa huyu vina undugu gani na vya yule. Basi nimeamua kuandika siku moja ya Oktoba 2024, ilivyokuwa, ili mtu aone miti hiyo inachorwaje na kwa nini narudi nyumbani nimechoka hivi.

Saa kumi na moja alfajiri naamka kwa sababu ya umeme. Mtaani kwetu unarudi usiku na kuondoka asubuhi, kwa hiyo nachaji laptopu, simu na betri ya akiba kabla haujaenda. Chai, mkate, pikipiki. Mvua imeshusha udongo mwekundu mpaka katikati ya barabara, nami nimeikumbatia laptopu kifuani ndani ya koti. Mgongoni siiweki tena tangu niliyokuwa nayo kwanza iingie maji.

Saa mbili niko labo. Mashine ya kusoma vinasaba, ndogo ya kukaa kiganjani, imesoma usiku kucha sampuli 12 za vipele vya mpox, ugonjwa wa virusi unaotoa vipele mwilini. Nahamisha mafaili, naangalia ubora. Moja haikusomeka kabisa.

Kuanzia saa tatu ni kazi ya macho. Jenomu ya virusi hivi, yaani vinasaba vyake vyote, huandikwa kwa herufi nne tu, A, C, G na T, nayo ina herufi zipatazo 197,000, na hakuna jedwali litakalokuonyesha kasoro iliyojificha humo. Nafungua IGV, programu ya kutazama vinasaba iliyotengenezwa Broad Institute, Marekani. Unavuta karibu mpaka herufi moja moja, kama unavyovuta ramani kwenye simu. Vipande vilivyosomwa vinalala kwa mistari ya kijivu, kimoja chini ya kingine, kama matofali ya ukuta. Herufi ikitofautiana na jenomu ya rejea, ile tunayolinganishia, rangi inatokea: A kijani, C buluu, G rangi ya chungwa, T nyekundu. Juu ya ukuta kuna kilima kinachoonyesha kila mahali pamesomwa mara ngapi.

Kwenye sampuli ya nne kilima kinaporomoka hadi sifuri, halafu kinapanda tena. Shimo la namna hiyo lina maana mbili. Huenda vianzio vyetu, vipande vifupi vinavyoanzisha kunakili vinasaba, havikushika, sehemu hiyo haikunakiliwa. Au virusi vyenyewe havina sehemu hiyo. Na hapa kwetu jambo hili ni zito: aina ya mpox iitwayo Ib, iliyotambuliwa kwa wagonjwa wa Kamituga, mji wa machimbo hapa Kivu Kusini, katika mlipuko ulioanza Septemba 2023, imepoteza herufi zaidi ya 1,000 mahali fulani, na kipimo cha PCR, kinachotafuta kipande cha vinasaba vya virusi, kilichotegemea sehemu hiyo hakikuweza kuiona. Mgonjwa ana vipele mwili mzima, kipimo kinasema hana.

Nitajuaje? Natafuta vipande vinavyoruka shimo. Navuta karibu, navuta tena, na hivi hapa: kipande kimoja, herufi zimejaa kushoto, zimejaa kulia, katikati mstari mwembamba mweusi. Kisha cha pili, cha tatu. Nimehesabu 41. Shimo ni la kweli. Sampuli ya tisa nayo ina shimo, mahali pengine, lakini hakuna kipande hata kimoja kinachovuka. Hiyo ni kasoro yetu wenyewe. Naandika N kwa kila herufi iliyokosekana, maana yake hatukuiona. Nimewahi kuona watu wakijaza pengo kwa herufi za rejea ili picha ipendeze. Mimi siwezi kumwekea mgonjwa herufi ambazo hakuna mtu aliyezisoma.

Saa sita natuma sampuli 11 kwenye programu za Nextstrain, zinazolinganisha jenomu, zipange mti. Bugali na sombe kwa mama wa mlangoni.

Saa nane anafika Shefu. Ni mkubwa wa mradi mmoja wa msaada, sitautaja. Kesho ana mkutano na wenye fedha, anataka picha moja.

"Mwanangu, nitolee ile yenye mishale. Ilitoka wapi ikaenda wapi."

Namwonyesha mti kwenye Auspice, programu ya Nextstrain ya kuonyesha miti. Ninayo ndani ya laptopu, inafunguka kwenye brauza bila kula mega hata moja. Kila jani ni mgonjwa. Ukigusa tawi, mabadiliko yake yanajitokeza, ukibofya, mti unajifungua hapo. Pembeni kuna ramani. Trevor Bedford wa Seattle na Richard Neher wa Basel walianzisha kazi hii ili picha ibadilike kadiri sampuli zinavyoingia. Mimi niliiona mara ya kwanza wakati wa Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri, 2018 hadi 2020, INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba ya Kongo, walipokuwa wakisoma jenomu wagonjwa wakiwa bado wodini. Watu 2,287 walikufa katika mlipuko ule. Tangu hapo sijataka kazi nyingine.

Shefu anabofya kitufe cha kucheza. Maduara yanavimba, mistari inakimbia kutoka Kamituga. Anapiga meza kwa furaha. "Ndiyo hii! Weka mshale mwekundu hapa. Na uandike ni wale wanawake wa baa za machimboni."

Namwambia, "Shefu, mstari ule ni makisio. Programu inakisia babu alikuwa wapi kwa kutazama wajukuu tulionao, na wajukuu wetu wengi ni wa Kamituga kwa sababu huko ndiko tulikochukua sampuli nyingi." Anasema wenye fedha hawataki hadithi ndefu. Namwambia mti hauonyeshi nani alimwambukiza nani, na kwamba akina mama wale walijitokeza kupimwa, ndiyo maana tunawaona. Anauliza kama naweza angalau kukoleza rangi. Umeme unakatika. Jenereta haina mafuta. Tunaendelea kwa betri, yeye amesimama begani kwangu, na ombi ni lilelile: mshale.

Namgusisha tawi kwa mkono wake mwenyewe. "Soma hapa. C imekuwa T, C imekuwa T, tena C imekuwa T. Hiyo ni alama ya APOBEC3, kimeng'enya cha mwili wa binadamu. Zikijaa hivi, virusi vinapita mtu kwa mtu, havitoki porini kila mara. Hilo naweza kulisimamia mbele ya yeyote." Ananyamaza, anagusa tawi jingine, na jingine. Ananiuliza swali zuri la kwanza siku nzima: kwa nini tawi hili ni refu? Tunakaa hapo mpaka kiza kinaingia, betri ina asilimia 11, macho yananiwasha kama nimekata vitunguu.

Pikipiki, matope, ngazi za mtaani kwa mwanga wa simu. Shangazi ameniwekea sambaza, nakula zikiwa zimepoa.

Nimelala nusu simu inapolia. Shefu ametuma picha ya kesho. Mshale umeondoka, akina mama wameondoka. Duara kubwa jekundu la Kamituga limebaki, halina maelezo. Nampigia.

"Shefu, mtu akiona duara lile atasema wagonjwa wote wako huko."

Anavuta pumzi. "Basi andika wewe."

Naandika chini ya ramani, kwa herufi kubwa kiasi cha kusomeka nyuma ya ukumbi: Ukubwa wa duara ni idadi ya sampuli zilizosomwa, si idadi ya wagonjwa. Natuma, umeme unarudi, nainuka kuchomeka laptopu.