Dumu la maji na mifupa ya Tendaguru

Lindi mjini, Jumapili usiku

Bega la kulia bado linauma. Nimelikanda kwa maji ya moto, nikapaka mafuta ya nazi, lakini kila nikisogeza mkono kuandika nalisikia. Siandiki ili kulalamika. Naandika kwa sababu jana nimeielewa kwa mwili habari ya mifupa ya dinosaria iliyobebwa kwa miguu kutoka kilima cha Tendaguru, habari ambayo nimeisikia kwa masikio tangu nikiwa darasa la nne.

Tulikuwa wanne: mimi, rafiki yangu anayefundisha jiografia sekondari, dada yake ambaye ni muuguzi, na binamu yao aliyekuja likizo kutoka Dar. Tulitoka mjini kabla ya adhana ya alfajiri. Lami tuliiacha upande wa Mchinga, bodaboda zikatuingiza ndani mpaka njia ilipokuwa mbaya, na kuanzia hapo tukategemea miguu.

Kijiji cha mwisho tulimkuta mzee amekaa kwenye mkeka kivulini, anachagua mbegu za ufuta.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, wajukuu zangu. Mmekuja kumtazama mjusi?"

Mwalimu akaanza kumweleza kwamba dinosaria si mjusi, ni kundi lake lenyewe, na kwamba ndege ndio walio karibu nao zaidi. Babu alimsikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa adabu, kisha akasema, "Basi huyo mjusi wenu hayupo. Alishaondoka zamani. Na kule juu maji hakuna, chukueni dumu."

Tukachukua dumu la lita 20, yaani kilo 20. Tulikubaliana kupokezana kila baada ya nusu saa. Njia inapita katikati ya mashamba ambako ufuta umevunwa na kusimamishwa juani kwa mabunda, halafu inaingia kwenye miombo. Mbung'o walitufuata muda wote. Zamu ya kwanza ilikuwa yangu na niliianza kwa mbwembwe, dumu begani, napiga hadithi. Dakika kumi hazikuisha nikanyamaza. Plastiki ya dumu ina ukingo pale chini, na ukingo ule hutafuta mfupa wa bega na kukaa hapo hapo. Ukihamishia bega la pili, maji yanacheza ndani, unayumba. Dada yetu ilipofika zamu yake alikunja kanga akatengeneza kata, akajitwika dumu kichwani, akaenda kimya, shingo imenyooka. Ndiye pekee ambaye leo haumwi popote.

Kilima chenyewe si cha kutisha. Ukikipita bila kuambiwa, utakiona ni mwinuko wenye nyasi na miti kama mingine. Mashimo yamefukiwa na mvua na majani ya miaka mia moja. Binamu alivunjika moyo kidogo. Nadhani alitegemea kukuta mbavu zimesimama. Dada ndiye aliyeinama kwenye korongo dogo akaokota jiwe na kuniwekea kiganjani. Lilikuwa limejaa kombe. Kombe kabisa, zile za baharini, zenye mistari na vijinundu, zimegandamana kama mtu amezikandia kwenye saruji. Mwendo wote ule kutoka pwani, na mkononi nina bahari. Mwalimu akatueleza: yapata miaka milioni 150 iliyopita hapa palikuwa ufukweni, bahari ikija na kurudi, na wanyama wale wakubwa wakifa kandokando yake na kufunikwa na tope. Tulilirudisha jiwe lilipotoka. Vimeshaondoka vya kutosha hapa.

Maana vimeondoka vingi. Mwaka 1906 mhandisi wa madini wa Kijerumani, Bernhard Sattler, alikuta mifupa mikubwa imejitokeza ardhini. Mwaka uliofuata alikuja Eberhard Fraas, mtaalamu wa visukuku kutoka Stuttgart, kuthibitisha. Mwaka 1909 makumbusho ya Berlin yakaleta msafara ulioongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig, na uchimbaji ukaendelea hadi 1913. Zilitoka tani zaidi ya 200. Hapakuwa na reli wala gari. Kila kipande kilikwenda Lindi kwa miguu, mwendo wa siku nne, na pale kikapakiwa kuelekea Ulaya. Mifupa mingine ilifungwa ndani ya mianzi iliyopasuliwa na kusukwa kuizunguka, isivunjike njiani. Mpaka miaka ya karibuni, huko Berlin bado kulikuwa na mafurushi ya mianzi ambayo hayajawahi kufunguliwa. Mianzi ya kwetu, imefungwa na mikono ya kwetu, na fundo lilikuwa bado limekaza.

Yule dinosaria anayesimama ukumbini Berlin ana urefu wa mita 13.27 kwenda juu. Jina lake la kisayansi ni Giraffatitan brancai, kwa heshima ya Wilhelm von Branca aliyekuwa mkuu wa makumbusho. Msimamizi mkuu wa wachimbaji hapa kilimani aliitwa Boheti bin Amrani. Kwa misimu yote ile, yeye ndiye aliyekuwa akisimamia mamia ya watu mashimoni. Na yeye amepewa mnyama wake, Australodocus bohetii, lakini ilikuwa mwaka 2007. Tulipolisema jina lake kwa sauti pale juu, nilijisikia vizuri, kama tumemsalimia mwenye nyumba.

Kuna jambo ambalo sikuwahi kuliunganisha mpaka jana. 1909 ni miaka miwili tu baada ya Vita vya Maji Maji. Umwera, nchi ya Wamwera huku kwetu, wote ulikuwa umewaka. Misheni za Nyangao na Lukuledi zilichomwa mwaka 1905, kisha wakoloni wakalipiza kwa kuchoma vijiji na vyakula mpaka njaa ikaua watu. Wabebaji wale walikuwa ndio waliobaki.

Tulirudi kijijini jua limeinama. Babu alikuwa ametuwekea ming'oko ya kuchemsha, moto bado, pamoja na chumvi na pilipili kwenye kisahani. Nilimwambia bega langu limekwisha. Akacheka, kisha akasema babu yake alikuwa mmoja wa waliobeba. Alizoea kuwaambia kwamba mianzi ilimkata hapa, akagusa chini ya shingo yake mwenyewe. Na siku ya kwanza aliporudi nyumbani akasema amebeba mifupa, bibi alimuuliza swali moja tu.

"Alimuuliza, mifupa ya nani?"

Hakuna aliyeitikia. Mwalimu, ambaye ana jibu la kila kitu, alibaki anamenya ming'oko yake.

Nimekaa hapa mezani nimepiga hesabu. Tani 200 ni kilo 200,000. Tukikadiria kila mtu kilo 30, mzigo wa kawaida wa mpagazi enzi zile, ni mizigo zaidi ya 6,600. Kila mzigo ni bega la mtu, siku nne kwenda, na kurudi tena. Mimi nilibeba 20 kwa zamu za nusu saa, na maji yalikuwa yetu wenyewe.

Wakati wa kuaga, dumu lilikuwa na maji kama nusu hivi. Binamu akataka kuyamwaga ili arudishe dumu tupu. Babu akamzuia mkono. Akamwita mjukuu wake, binti wa miaka kama kumi na miwili, naye akaja na kitambaa amekwisha kukikunja kata. Akajitwika, akatuambia kwaherini, akakata kona nyuma ya mkorosho. Tone halikumwagika.