Kumbukumbu ya mradi wangu: sekunde 40 za alto

Imekubali! Saa sita na nusu usiku, umeme umekatika mara mbili, laptopu imebaki na asilimia 14, ila imekubali. Nusu tu, lakini baada ya wiki tatu za kugombana na sekunde 40 za sauti ninayotaka kuificha mwenyewe asitambulike, hiyo nusu naipokea kwa mikono miwili.

Kwenye kumbukumbu iliyopita niliahidi kumaliza kunakili mahojiano yote tisa ya kuchu (wapenzi wa jinsia moja) Wakatoliki wa huku kwetu, kuanzia Tukuyu hadi Mafinga, kisha nipange matukio mwaka kwa mwaka. Sijafanya. Nimekwama kwa Mama.

Mama (mmoja wa wasimuliaji wangu, jina lake siliandiki hata kwenye faili langu mwenyewe) ameimba alto kwenye kwaya ya parokia tangu usichana. WAWATA (umoja wa wanawake Wakatoliki) yumo, jumuiya yumo, zaka hajawahi kudaiwa. Yeye na mwenzake waliishi nyumba moja miaka 22, watu wakijua ni ndugu. Siku ya maziko, ratiba ilipofika kwenye wafiwa wa karibu hakuitwa. Akarudi zake kwenye benchi la kwaya akaimba. Hayo alinisimulia macho makavu kabisa. Nilipomuuliza waliimba nini, hakutaja wimbo. Alifumba macho na mdomo, akaivumisha alto yake yote mpaka mwisho. Alto peke yake, bila soprano ya kuibeba, na wimbo ambao nimeusikia misiba yote ya maisha yangu sikuutambua mpaka alipokaribia kumaliza.

Sasa shida. Kwenye mradi huu hakuna sauti inayotoka ikiwa ghafi. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kile cha "kinyume na maumbile", mnakijua: kifungo cha maisha, au kisichopungua miaka 30. Na kabla ya polisi kuna jumuiya, kuna mwenye nyumba, kuna watoto wa dada. Huwa nawaonea wivu wenzetu wa Marekani. Dignity, kikundi cha Wakatoliki kama sisi, ilianza San Diego mwaka 1969 na padre anayejulikana kwa jina, Patrick Nidorf. Sista Jeannine Gramick amekuwa akisema hadharani tangu kabla ya New Ways Ministry, shirika lake la kututetea ndani ya Kanisa, kuanzishwa mwaka 1977. Anayehifadhi habari zao ana jina, ana picha, ana tarehe. Mimi kazi yangu ni kufuta hivyo vyote na mtu bado abaki.

Kwenye maongezi nilishapata njia. Kushusha au kupandisha sauti kwa programu niliacha zamani: mwenye programu hiyohiyo anairudisha ilivyokuwa kwa kubahatisha mara chache tu, na lafudhi haiendi popote. Mama gari kwake ni "gali", na kila baada ya dakika tano anatupia "ndaga fijo", asante sana ya Kinyakyusa. (Programu ya kunakili maneno iliandika "ndege figo". Nimerudi kwenye kalamu na daftari, na sijutii.) Kwa hiyo maneno yanasomwa upya na mtu wa mbali, asiyejua mhusika ni nani wala ni wa wapi.

Ila mvumo utausomaje upya?

Nikaingia Audacity, programu ya kuhariri sauti. Nikashusha nusu toni tatu, akawa mlevi wa saa nane usiku. Nikapandisha nne, akawa katuni. Halafu kuna mvua. Tulirekodi wakati wa mvua makusudi: mabati yakipigwa jirani hasikii. Basi na mashine nayo haisikii. Nikiondoa kelele za mvua, Mama anaimbia ndani ya ndoo. Narudia kwa wote wanaoniuliza: hicho kiondoa kelele kifanyie kazi feni, siyo mvua ya Rungwe. Siku nyingine ningetundika blanketi zito na kusogeza kinasa karibu na kidevu, yaishe.

Toleo la kumi na moja nikampelekea asikilize kwa spika za masikioni. Akacheka mpaka akakohoa.

"Mwanangu, huyo si ni mimi nimeshikwa mafua?"

Kumbe kinachomtambulisha ni pumzi. Kila ubeti anavuta pumzi katikati ya neno, pale ambapo mwalimu wa kwaya yeyote angegonga meza. Aliyekaa naye benchi moja angemjua hata ningemgeuza besi.

Juzi nikaacha kompyuta. Nikaandika alto yake kwa do-re-mi kwenye karatasi, nikampelekea msimuliaji wangu mwingine, naye mwimba alto, wa mkoa mwingine, hawajuani na hawatajuana. Nikamwomba avumishe. Kuhusu pumzi niliogopa, nikamuuliza kwanza mwenyewe.

"Iache," Mama akasema. "Atakayenijua kwa pumzi huyo alishanijua siku nyingi."

Leo usiku imekuja. Si Mama, na kila pumzi iko mahali pake. Nimeisikiliza mara tisa. Ile ya asili imelala kwenye diski iliyofungwa kwa nywila, na diski hailali kwangu.

Sasa ratiba ya miaka itasubiri, mnisamehe, maana wasimuliaji wangu karibu wote ni wanakwaya. Yule wa Iringa ni besi. Ndiye aliyenisimulia kuhusu Januari 2024, maaskofu wa Afrika walipotangaza kuwa baraka za Fiducia supplicans, lile tamko la Vatikani, hazitatolewa kwa wapenzi wa jinsia moja huku. Jumapili iliyofuata alikwenda, akaimba, akarudi kupalilia. Soprano ninaye. Kila mmoja atavumisha chumbani kwake, godoro limeegeshwa mlangoni, akifuata "do" moja nitakayowatumia wote, kisha niwaunganishe. Besi ameshatuma, yuko chini kidogo ya do, amedai simu yake ndiyo mbovu.

Iliyobaki ni tena (tenor, sauti ya juu ya wanaume), ileile inayosumbua kila kwaya ninayoijua. Wa kwanza niliyemtegemea ameogopa, na simlaumu. Natafuta tena.