Premio Inayokunywa Oili: Kutoka Daftari la Gari

Kilomita 171,300

Limelala nyumbani leo, Section 58, Nakuru. Toyota Premio ya 2004, nyeupe, enjini ya 1ZZ ya lita 1.8, gia oto. Aliyeniuzia ni mzee mstaafu, muungwana kweli, alinifungulia boneti hata kabla sijaomba. Enjini ilikuwa imeoshwa ikameremeta kama sufuria ya arusi, nami nikaingia boksi. Hapo ningeuliza: mzee, ulikuwa unafuta nini?

Nimebadilisha oili na filta. Imeingia lita nne kasoro kidogo, na kijiti cha kupimia oili kinasoma F, yaani imejaa.

Kilomita 172,050

Tumetoka Ahero kwa mama mkwe. Magunia mawili ya mchele kwenye buti, watoto nyuma, mimi usukani, Baba Imani kando akisinzia. Kericho tumeipita vizuri, Londiani vizuri, Mau Summit vizuri. Mteremko wa Sachangwan nimeuteremka kwa gia ya chini, mguu nje ya petroli, kama anavyopaswa kufanya yeyote aliyeona malori yaliyokosa breki pale. Kufika Salgaa nikakanyaga petroli ili nipite trela.

"Mama, huko nyuma kumeingia ukungu," Imani akasema.

Saa tisa alasiri, jua kali, ukungu gani? Nikatazama kioo. Moshi wa buluu ulikuwa umetanda barabara nzima, na dereva wa matatu nyuma yangu ameniwashia taa zote alizo nazo.

Asubuhi nimechomoa kijiti. Kiko chini ya L, alama ya chini kabisa. Kilomita 750 tu tangu nijaze.

Kilomita 172,310

Gereji ya kwanza, jina silitaji. Fundi ametoa plagi zote nne, akapima kompresheni. Majibu kwa paundi: 152, 149, 150, 151. Akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya, kisha akamgeukia mume wangu, ambaye hajui hata plagi inakaa wapi.

"Mzee, enjini imeisha. Nzima inasoma 180. Hii ni overholi, kufungua enjini yote. Ringi, gasketi, sili, leba. Andaa 95,000."

Baba Imani akanionyesha kwa kidole. "Ongea na mwenye gari."

"Pole, Madam," fundi akasema, na bei haikushuka hata shilingi.

Usiku huo huo

Nafundisha fizikia kidato cha tatu. Nimeketi na ile karatasi yenye namba nne mpaka saa sita, kisha nikajicheka peke yangu. Kompresheni ni hewa iliyoingia kwenye silinda ikabanwa. Hewa ikiwa nyepesi tangu mwanzo, hata ukiibana sawasawa, geji itasoma chini. Nakuru tuko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa hapa ni karibu asilimia 80 ya lile la Mombasa. Basi asilimia 80 ya hiyo 180 yake ni 144. Langu limesoma 150.

Na hata ukiiacha hesabu hiyo, silinda nne zimepishana kwa paundi tatu tu. Enjini iliyokufa haifi kwa usawa namna hiyo.

Lakini moshi upo. Oili inakwenda. Kuna kitu, ila sicho alichokisema.

Kilomita 173,100

Kisumu. Nilikuwa na shughuli huko, nikaona nimalize ubishi. Nimempata fundi mmoja upande wa Kibuye, kijana mtaratibu, nikamwomba apime kompresheni bila kumweleza lolote. Majibu: 163, 161, 162, 163. Enjini ile ile, wiki chache baadaye, imepata nafuu kwa kuteremka ziwani! Kisumu iko karibu mita 1,130, hewa nzito zaidi. Namba zimepanda karibu kabisa na nilivyokadiria, nikatamani darasa langu zima liwe pale limesimama kando ya boneti.

Nilipomsimulia, alicheka kidogo, halafu akanifundisha jambo ambalo fizikia yangu haikulifikia. "Madam, kompresheni inapima ringi mbili za juu za pistoni. Ya oili ni ile ya tatu, ya chini. Hiyo ikikwama geji haioni." Akachukua pistoni kuukuu iliyokuwa kwenye ndoo, akanionyesha vijitundu nyuma ya mfereji wa ringi ya tatu. Oili inayokwanguliwa kwenye ukuta wa silinda hurudi kwenye sampu, bakuli la oili chini ya enjini, kupitia hapo. Pistoni za zamani za enjini hii zina matundu madogo, na mwenye gari akichelewesha kubadilisha oili, kaboni huyaziba na ringi inaganda mahali pake. Oili ikikosa njia ya kurudi, inapanda juu na kuungua.

"Na kwa nini moshi Salgaa, si Nakuru mjini?"

"Ukishuka mlima bila petroli, enjini inafyonza. Inavuta oili juu muda wote huo. Ukikanyaga, unaichoma yote kwa mara moja."

Nimemlipa 1,000. Ndiyo pesa niliyoitumia vizuri kuliko zote katika daftari hili.

Kilomita 174,780

Kabla ya kutibu nimepima. Kila Jumamosi asubuhi, enjini ikiwa baridi, mahali pale pale pa tambarare, nachomoa kijiti, nafuta, narudisha, nasoma. Kisha naongeza kwa chupa ya maji ya nusu lita niliyoichora mistari hadi kijiti kirudi F.

Nakuru kwenda Njoro kazini na kurudi: kilomita 1,040, mililita 700.
Ahero na kurudi, mara mbili: kilomita 640, mililita 900.

Kwa hiyo milima inakula maradufu. Shemeji amenishauri nishuke Sachangwan kwa gia ya juu ili enjini isifyonze. Hapana. Oili nainunua dukani, breki zikiisha pale sijui nitazinunua wapi.

Kilomita 174,800

Nimebadilisha vali ya PCV, ile inayopitisha mvuke wa oili kurudi enjini. Ya zamani nikiitikisa haikugonga kabisa, yaani ilikwama. Kazi ya dakika kumi na tano, spana moja. Kilomita 1,000 za Njoro zilizofuata zimekula mililita 650. Nafuu ya kulenga na manati.

Kilomita 175,850, likizo ya Agosti

Kazi kubwa. Nimenunua dawa ya kuyeyusha kaboni. Enjini ikiwa na joto nimetoa plagi (ya silinda ya tatu ilikuwa na masizi yenye mafuta, nyingine afadhali), nikamimina dawa kila silinda, nikafunika matundu kwa kitambaa safi. Kila baada ya saa chache nilizungusha enjini kidogo kwa spana kwenye boliti ya puli ili dawa iteremke ilipo ringi. Imelala hivyo usiku mzima.

Asubuhi ndipo penye hatari. Ukirudisha plagi kimiminika kikiwa bado ndani halafu uwashe, pistoni inakutana na kitu kisichobanika, na konirodi, mkono unaoshika pistoni, inapinda. Kwa hiyo nimechomoa nyaya za koili na za injekta, nikaweka kitambaa juu ya matundu, nikazungusha kwa stata. Kitambaa kimetoka cheusi kama kikaango cha chapati. Ndipo nikarudisha plagi na kuwasha.

Moshi! Jirani amekuja mbio na ndoo ya maji. Nimempa chai.

Oili ya zamani nimeimwaga siku hiyo hiyo, maana dawa inachuja hadi kwenye sampu na oili iliyopunguzwa makali haifai kuendeshea gari.

Kilomita 176,400

Spesa za springi za nyuma zimefungwa. Matuta ya Awasi yalikuwa yanakwangua tumbo la gari kila nikibeba mchele. Sasa linapita, ila nyuma limeinuka kama bata anayekunywa maji.

Kilomita 177,220

Njoro: kilomita 900, mililita 400.
Ahero na kurudi: kilomita 320, mililita 300. Zamani safari moja ilikuwa 450.

Nimewauliza wenye Premio ninaowajua. Dereva wa teksi Kisumu ana ya 1.5, enjini nyingine kabisa, hajawahi kuongeza oili kati ya sevisi mbili, na ananicheka. Jirani wa zamani alikuwa na ya 2.0 yenye D-4, inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Oili haikumsumbua, ila pampu ya petroli ya shinikizo kubwa ilimtesa hadi akaiuza. Mwalimu mwenzangu ana 1.8 kama yangu. Nilipomuuliza inakunywa kiasi gani, alisema hainywi kabisa. Tukachomoa kijiti pale pale kwenye maegesho ya shule. Kilikuwa kikavu. Ananunua chupa yake ya kupimia kesho.

Kilomita 178,640

Hesabu ya overholi nimeirudia. Naendesha kama kilomita 15,000 kwa mwaka. Kwa kiwango cha sasa hiyo ni lita saba au nane za kuongeza, tuseme shilingi 8,000. Ile 95,000 ingeninunulia oili ya zaidi ya miaka kumi na moja. Najua oili inayoungua inachafua plagi na kuichosha kataliti, ile inayosafisha moshi kwenye ekzosi, kwa hiyo sijasema overholi sitaifanya kamwe. Nimejiwekea mpaka: ikirudi lita moja kwa kilomita 1,000, pistoni zitatoka.

Jana tumeshuka tena Sachangwan. Salgaa nimekanyaga petroli, Imani amegeuka akapiga magoti kwenye kiti kutazama nyuma.

"Kidogo tu, Mama. Kama wa sigara."

Asubuhi nimeongeza mililita 280.