Jebel Akhdar, kufuata marashi ya waridi

Pale Birkat al-Mouz, Oman, chini ya mlima wa Jebel Akhdar, askari wa kituo cha ukaguzi aliomba leseni na mulkiya, yaani kadi ya gari, akaizunguka gari niliyokodi Muscat, kisha akanionyesha pa kugeuzia. Gari ndogo haipandi Jebel Akhdar, dereva awe hodari vipi. Lazima iwe inayovuta kwa magurudumu yote manne. Aliyenikodisha alijua ninakokwenda na hakunitamkia neno. Basi nikailipia gari ya kusimama juani siku nzima, nikalipa tena ya kunipandisha, na hii ya pili ilikuwa ghali kuliko ile ya kwanza. Anayekwenda huko akodi gari ya kufaa tangu Muscat. Akikosa, apatane bei ya kwenda na kurudi papo hapo chini. Ukishafika juu huna nguvu ya kuvutana.

Mwenye gari alikuwa mtu mzima. Niliposema na simu aliniskia, akageuka: "Kwenu Unguja?" Nikamwamkia, "Shikamoo, ami." Mama yake ni wa Ng'ambo, mjini Unguja.

Kutoka kituoni hadi uwanda wa Saiq ni kama kilomita 35, na unafika mita 2,000 hivi juu ya bahari. Chukua sweta hata kama Muscat umeacha joto la kuchoma. Waridi huchumwa kuanzia mwisho wa Machi hadi mwanzo wa Mei. Nje ya hapo utakuta miti mitupu. Wachumaji huingia kondeni alfajiri, maana jua likipanda harufu hutoka na kupotea. Konde zenyewe ni ngazi ukingoni mwa genge pale Al Aqr na Al Ayn, zinanyweshwa kwa falaji, yaani mifereji ya maji.

Jiko la marashi limejengwa kwa mawe na udongo, na vyungu vimezamishwa ndani yake kwa safu. Chungu hutiwa waridi na maji kidogo. Katikati, juu ya waridi, hukalishwa bakuli la shaba, na mdomo wa chungu hufunikwa kwa bakuli jingine lenye maji baridi. Mvuke ukigonga kitako cha bakuli la juu hugeuka matone, ukadondoka katika bakuli la ndani. Kazi yote iko kwenye yale maji ya juu: yakipata moto yabadilishwe, la sivyo mvuke hautoneshi, unapenya ukingoni na kwenda zake. Na bakuli la ndani likiinama, kilichopatikana kinarudi chunguni. Baada ya hapo marashi huachwa wiki kadhaa yatulie, masimbi yazame.

Siku hizi wako wanaotumia gesi, na marashi yao ni meupe kama maji. Ya kuni yana rangi ya chai nyepesi na harufu ya moshi. Nilipoyanusa nilisimama. Nyumbani tunarashiwa kwenye maulidi marashi ya chupa ya dukani, matamu, hayana moshi hata chembe, nami miaka yote nikidhani hiyo ndiyo harufu ya waridi. Mrashi wa bibi, ule wa fedha wenye shingo ndefu, ulikuwa na moshi huu huu. Nilinunua chupa mbili bila kuuliza bei mara ya pili, na bei haikuwa ndogo.

Kushuka ndiko kunakotisha. Mteremko ni mrefu, na anayekanyaga breki mfululizo hupasha pedi hadi mafuta ya breki yachemke. Kanyagio linazama na gari haishiki. Kwa ajili hiyo kando ya barabara wametengeneza njia za kupandia kilima, za kuzuia gari iliyoshindikana. Ami aliingiza gia ya chini tangu kileleni. "Iache gari ishikwe na injini," alisema. "Breki gusa, achia. Ukisikia harufu ya kuungua, egesha, usimwagie maji."

Gari yangu ilikuwa imeokwa na jua. Nilizifunga chupa kwa kikoi, nikaziweka chini ya kiti, na mpaka Muscat gari ilinuka nyumba ya bibi.