Kidonda kisichotaka kisu

Ule ukingo wa kidonda kwenye muundi wa dada umeanza kunywea. Ulikuwa umetuna, zambarau iliyokolea, na chini yake pana uwazi ambamo maji ya chumvi ya kuoshea yalikuwa yakijificha. Sasa umelala, na pembeni kuna ngozi mpya, nyembamba, inayong'aa. Naandika kwa sababu naamini ipo nyumba nyingine hapa Nairobi inayoambiwa kile tulichoambiwa sisi: kwamba kidonda kama hiki dawa yake ni kukatwa.

Kilianza kama kipele. Baada ya siku chache kikapasuka na kupanuka, maumivu yakamliza dada, mtu asiyelia ovyo. Kliniki ya mtaani ikampa antibiotiki, hazikufua dafu. Wakasema nyama imeoza, ikatwe. Ikakatwa, kidonda kikazidi. Wakakata tena. Jirani akanong'ona kuwa amerogwa, na Mama akaanza kusikiliza. Simlaumu. Nani amewahi kuona kidonda kinachokua kwa kusafishwa?

Daktari wa ngozi alimuuliza dada swali ambalo hakuna aliyeliuliza: "Mama, tumbo lako likoje?" Dada amekuwa akiharisha damu muda mrefu, nasi tukiita amiba. Kumbe utumbo mpana una vidonda, na maradhi hayo mara nyingi hukutwa kwa wenye ugonjwa huu wa ngozi, pioderma gangrenosamu. Hata madaktari wa Mayo Clinic, Marekani, walioupa jina hilo mwaka 1930, walidhani chanzo ni bakteria. Sivyo. Ni kinga ya mwili iliyochafukwa: seli nyeupe za damu zinajazana kwenye ngozi na kuishambulia, kama askari wanaopiga wenye nyumba. Ngozi ikijeruhiwa, hata kwa kisu cha daktari, zinazidi kuja.

Hakuna kipimo kimoja cha kuuthibitisha. Daktari alichukua kipande kidogo ukingoni, akahakikisha si saratani wala maambukizi, akapima kifua kikuu, ndipo akaanzisha prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga ya mwili. Maumivu yalipungua kabla kidonda hakijapungua. Kwa dawa hiyo uso wa dada umevimba, njaa haimwishi, sukari inapimwa kila mara, na vidonge haviachwi ghafla, hupunguzwa kidogo kidogo. Utafiti wa Uingereza uliotoka 2015 ulilinganisha prednisoloni na siklosporini, dawa nyingine ya kutuliza kinga: kwa kila dawa, chini kidogo ya nusu ya wagonjwa walikuwa wamepona baada ya miezi sita. Nilimsomea dada hayo bila kuficha. Alinyamaza, kisha akaniambia nimletee uji anywe dawa.

Sisemi watu wakatae upasuaji, wapo unaowaokoa. Ila kidonda kikipanuka kila kikikatwa, ombeni kwanza daktari wa ngozi akione.

Jumanne tunarudi kliniki. Dada anataka kuuliza kama anaweza kusimama kibandani asubuhi, maana wateja wake wa chapati wameanza kupiga simu.