Siku Moja ya Fundi wa Lifti za Magari, Nakuru

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi ninatoka nyumbani Kaptembwo nikiwa na mkoba wa spana, sili za mpira za kila ukubwa, zile za kuzuia mafuta yasivuje, na seringi mbili, ndogo na kubwa, zilizounganishwa kwa mrija uliojaa maji. Ninatengeneza jeki na lifti za kuinulia magari. Wanaoniona nimelowa mafuta hudhani nimekosa kazi ya maana, ilhali fundi yeyote anayesimama chini ya gari ameyaweka maisha yake juu ya sili niliyoivalisha mimi.

Jana, kufikia saa nne, nilikuwa nimemaliza jeki tatu, zote zikiwa na hewa ndani ya mafuta. Hewa hubanika, mafuta hayabaniki kwa urahisi, kwa hiyo ukisukuma mpini unabana hewa tu na gari halipandi.

Saa nne na robo nilifika kwa mzee mwenye gereji kwenye barabara ya Njoro. Lifti yake ya nguzo mbili ilikuwa imeinua pikapu, na tangu asubuhi ilikuwa ikishuka yenyewe, polepole.

"Binti yangu, ongeza mafuta, ukaze na ile valvu ili presha ipande," aliniambia kabla sijaweka mkoba chini.

"Mzee, presha haitoki kwenye pampu. Inatoka kwenye mzigo."

Hakukubali, na hapo ndipo asubuhi yangu ilipoishia. Nilimweleza kwamba presha, yaani shinikizo, ni kani iliyogawanywa kwa eneo: pikapu ya tani mbili ina uzito wa takriban newtoni 20,000, na kila silinda ikibeba nusu yake juu ya pistoni, kile kipande kinachosukumwa na mafuta ndani ya silinda, yenye eneo la sentimita 25 za mraba, mafuta yanabeba newtoni 400 kwa kila sentimita ya mraba, valvu ikazwe au ilegezwe. Kuikaza valvu ile ya usalama ni kuondoa kinga inayoizuia pampu kuinua mzigo uliopita kiasi.

Alisema ninatafuta pesa ya sili. Nikatoa seringi. Nilimpa kubwa aisukume kwa kiganja, nami nikasukuma ndogo kwa kidole gumba, na kidole changu kikamshinda mara tatu mbele ya vijana wake. Mfaransa Blaise Pascal alieleza jambo hili katika karne ya 17: shinikizo unalolitia mahali pamoja kwenye kiowevu kilichofungiwa huenea kote bila kupungua, na pistoni yenye eneo mara tano zaidi hupata kani mara tano. Lakini nilimwonyesha pia kwamba pistoni ya seringi yangu ndogo ilisafiri mara tano ya mwendo wa ile ya seringi yake. Nguvu ile hulipiwa kwa umbali.

Tuliteremsha pikapu. Nilianza na valvu ya kuteremshia, nikaisafisha, tukajaribu, lifti ikashuka tena. Ndipo nilipoona mafuta yakitokea kwenye tundu la kupumulia juu ya silinda, ishara kwamba yanaipita sili ya pistoni. Kilichoniudhi kuliko ubishi wa mzee ni kugundua kwamba vijana wake hawakuwahi kuishusha lifti ikae juu ya kufuli za chuma zinazoishikilia isianguke, eti zinapoteza muda. Walikuwa wakifanya kazi chini ya gari lililoshikiliwa na mafuta peke yake.

Sijui ilikuwa saa ngapi nilipoitoa pistoni, mgongo ukiniuma. Ukingo wa sili ulikuwa umechanwa na mchanga. Mwingereza Joseph Bramah, aliyepata hataza ya mtambo wa kushindilia kwa maji mwaka 1795, alisumbuliwa na uvujaji huu huu, na Henry Maudslay, aliyekuwa akimfanyia kazi, anatajwa kuwa ndiye aliyebuni sili ya ngozi yenye umbo la kikombe: shinikizo likizidi, ukingo wake hugandamana zaidi na ukuta. Sili niliyoivalisha jana hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo.

Jua lilikuwa likizama tulipoinua pikapu tena. Nilichora mstari wa chaki kwenye nguzo, nikaketi nusu saa nikiutazama, na mkono wa lifti haukusogea. Kisha nikawaamuru vijana waishushe juu ya kufuli, nikazikagua moja moja. Mzee aliomba nimpunguzie shilingi mia tano. Sikupunguza.